Kilomita za Bugoye

Mume wangu alikuwa akinunua kahawa vilimani na kuileta Bwera kwa pikapu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia kilomita. Ofisi ya kodi hukubali kuondoa mafuta na matengenezo ya gari kwenye mapato, mradi uonyeshe kwamba safari zilikuwa za kazi. Mwaka jana tuliitwa Kasese na daftari letu. Kama wangeona gari ni la matembezi zaidi kuliko la biashara, tungepigwa kodi ambayo ingetulazimu kuliuza.

Sasa, huyu bwana ana namna yake ya kuhesabu kazi. Msiba ukitokea Muhokya, anabeba jeneza na waombolezaji nyuma ya pikapu, halafu akirudi ananiambia niandike "kazi". Nimemcheka mpaka nimechoka. Afisa wa kodi, binti mpole mwenye kalamu nyekundu, yeye hakucheka.

"Mzee, mazishi iko kazi gani?"

"Madamu, mutu wa kahawa akikufa, nisipoenda kumuzika, nani ataniuzia? Kule ku makaburi ndiyo tunapatana bei!"

Aibu ni yetu, lakini ni kweli. Mjane hajafuta machozi, na bwana wangu keshamvuta shemeji mtu pembeni kuulizia magunia.

Afisa akafuta misiba yote. Kilomita za kazi zilipungua hadi nikaanza kuliaga gari moyoni. Zikabaki safari za Bugoye, kila Jumapili, ndefu kuliko zote, ambazo pembeni yake hatukuandika kitu. Huko anaishi mama yangu, ambaye miguu haimbebi tena. Nadhani afisa alituonea huruma.

"Bugoye iko na kahawa mingi. Hii si ilikuwa ya kahawa?"

Nilimkanyaga mume wangu chini ya meza. Sema ndiyo, baba! Mtu aliyegeuza matanga kuwa soko atashindwa na dogo kama hili?

Akauondoa mguu wake taratibu.

"Hapana, madamu. Kule naendaka kuona mama. Ile haiko kazi."

Kodi ikaja, na pikapu tukaiuza. Jumapili iliyofuata aliamka kabla ya jua, akafunga ndizi na sabuni kwenye mfuko, akaenda kutafuta teksi ya Kasese ili aunganishe hadi Bugoye. Mimi, mwenye mama, nilikuwa bado kitandani, nimenuna.