Koili ya Obwocha

Orpah alipomwona Ogeto akivuka barabara ya Nyakoe na msumeno wake wa petroli begani, alijua Mungu hamtupi mja wake. Alikuwa amemngoja mtu huyu tangu mwaka jana, na hakumngojea chai.

Hebu nikwambie kwanza Ogeto ni nani. Ni mkata miti, na mdomo wake ni mkali kuliko msumeno. Mwaka jana alikuwa akiangusha mkaratusi kando ya njia. Akaukata nusu, akauacha umesimama vivyo hivyo, akaenda zake. Upepo ukavuma. Obwocha, mume wa Orpah, fundi wa mashine, alikuwa akipita na mfuko wake wa spana, na mti ukamlalia.

Siku ya mazishi watu walitaka kujua kilichotokea. Ogeto akasimama kando ya kaburi, macho makavu, akasema: "Mashine ilizimika ilipopata moto. Nikaenda kutafuta fundi. Koili ya kutoa cheche aliyoifunga marehemu mwenyewe ilikuwa mbovu. Hata nimeitupa mtoni, nikanunua nyingine mjini."

Loo! Yaani maiti ndiyo ikawa na makosa. Na kwetu Gusii, neno lililosemwa kaburini mbele ya watu halitoki hivi hivi. Hata waliompenda Obwocha wakaanza kupeleka mashine zao Kisii mjini. Orpah, aliyejifunza kazi kwa mumewe mpaka ikamkaa mikononi, akabaki na kibanda kitupu na jina lililopakwa matope.

Sasa mwenye matope ndiye huyu, kaja na miguu yake.

"Mama, hii kitu imekataa kuwaka," Ogeto akasema, akiutua msumeno mezani. "Pengine ni plagi tu. Kesho naanza kazi Sironga, na mafundi wa mjini wamejaa. Utaweza, ama nitafute mwanaume?"

"Nitaweza, omogaka," Orpah akajibu, akampa heshima ya mzee asiyoistahili. "Nenda ukale, urudi."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Chini ya meza Orpah alikuwa ameweka koili moja mbovu, na alijua ameiwekea nani. Koili ile ilikuwa na unafiki: ikiwa baridi hutoa cheche safi, mwenye mashine akavuta kamba, ikawaka, akashukuru akaenda. Ikishapata moto, kimya. Na Ogeto atakuwa wapi ikinyamaza? Chini ya mti uliokatwa nusu. Orpah alitaka hilo, tusimpambe. Alitaka Ogeto ausikie ukimya ule, ainue macho, aone mti unakuja.

Akaifungua plagi. Nyeusi tii kwa masizi. Akaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, na ugonjwa wa mashine ukaishia hapo. Lakini yeye alikuwa na lake. Akaondoa kifuniko cha ubavuni ili aibadilishe koili, na bisibisi ikamganda mkononi.

Vichwa vya skrubu za koili vilikuwa na rangi ya kucha ya zambarau.

Obwocha alikuwa na mtindo wake. Alipima nafasi kati ya koili na gurudumu la sumaku kwa kadi ya simu ya kukwangua, akakaza skrubu, kisha akazidondoshea rangi ya kucha ya mkewe, zisilegee, na ili ajue kama mtu mwingine amezigusa. "Utanimalizia chupa wewe!" Orpah alikuwa akimfokea. Rangi hii haikuwa na ufa hata mmoja. Koili iliyotupwa mtoni ilikuwa hapa, kama alivyoifunga marehemu.

Orpah akalia, na kilikuwa kilio cha hasira. Kisha akaisukuma ile koili mbovu kwa mguu ikarudi gizani. Ogeto akifa leo, atazikwa na uongo wake, tena kwa nyimbo na sifa. La! Huyu aishi.

Ogeto aliporudi, soko lililo mbele ya kibanda lilikuwa limejaa. Orpah alikuwa ameshafunga mashine yote, na gogo liko tayari mlangoni.

"Omogaka, ile koili mpya ulinunua wapi?" akauliza kwa sauti ya kusikika.

"Mjini."

"Na ya marehemu?"

"Si nilisema? Niliitupa mtoni." Watu walikuwa wameanza kugeuka.

Orpah akavuta kamba mara moja. Msumeno ukanguruma. Akakata gogo kipande baada ya kipande, mpaka mashine ikawa haishikiki kwa joto, na haikukohoa hata kidogo.

"Mmeona koili ya maana?" Ogeto akajisifu.

"Tumeona," Orpah akasema. Akaizima, akafungua kifuniko mbele ya watu wote, akaweka chupa yake ya rangi kando ya skrubu.

Deka, jirani mwenye duka la vipuri na vipodozi, akainama kutazama. "Dada Orpah, rangi hiyo nilikuuzia mimi. Ya Obwocha hiyo! Koili hii haijawahi kutolewa."



"Ilizimika, au uliizima?" Orpah akauliza.

"Niliizima."

"Ukaenda wapi?"

"Chang'aa," akasema, akitazama chini. "Nilienda kunywa."

Orpah hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Akamwambia aje kaburini Jumamosi, aseme hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ya mwaka jana. Akaja, akasema, na mama wa marehemu akamgeuzia mgongo.

Siku hizi Ogeto humwomba Orpah ambadilishie koili ile. Orpah humjibu kwamba koili nzima haibadilishwi. Kila akivuta kamba inawaka mara moja, na watu wa mlima wetu mzima wakiusikia ule mngurumo, husema, "Koili ya Obwocha hiyo."