Saa Kumi na Moja, Stesheni

Kijana aliyetumwa kutufundisha sisi walimu programu ya darasa alinizidi subira. Alituonyesha namna ya kuweka kazi kwenye kompyuta, wanafunzi waijibu kwa simu zao, na mashine ijumlishe pointi yenyewe. Kisha akatuambia sisi wazee kwa fahari, "Ba papa, ikifika saa kumi na moja, inajifunga. Mwenye hayatuma, zero." Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikanuna. Mashine ya namna hiyo naijua vizuri, kwa sababu zamani ilikuwa mimi.

Mwaka 1993 nilifundisha hesabu darasa la sita la sekondari, hapa hapa Kamina. Familia za Wakasai, wahamiaji wa tangu zamani kutoka Kasai, zilipofukuzwa majumbani mwao, zilikwenda kulala stesheni kungoja treni ya kuzipeleka kwa mababu, mahali ambapo watoto wao wengi hawakuwa wamepaona hata siku moja. Darasani kwangu madawati saba yakabaki wazi. Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na aibu ndani yake, maana waliofukuza walikuwa watu wa kwetu. Nikamwendea prefe, yaani mkuu wa shule. Alifunga mlango kwanza.

"Mwenye hana pointi ya periode ya mwisho, sitasaini buletini yake. Mwenye iko nayo, nitasaini, hata kama analala stesheni. Unasikia weye?"

Nilisikia. Bila buletini ya kufaulu, yaani ripoti yenye pointi za kila periode, kila kipindi cha masomo, huko Kasai hakuna shule ambayo ingewaandikisha kwa mtihani wa serikali.

Kila Jumatatu nilinakili maswali manne, nikapanda baiskeli, nikaibandika karatasi kwa bukari, ugali wetu, kwenye ukuta wa ghala la stesheni. Mbuzi waliila mara mbili. Nikaanza kuibandika juu zaidi. Ijumaa nilikusanya majibu: kwenye vipande vya mifuko ya saruji, nyuma ya stakabadhi za mizigo, moja kwenye kifuniko cha boksi la sabuni. Karatasi yoyote niliipokea, lakini masharti mawili ya shuleni sikuyalegeza. Mzazi atie saini, na saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Niliona kwamba nikilegeza, nitakuwa nawaambia kuwa wao si wanafunzi tena. Na wao waliipenda amri hiyo. Kina mama walioinama juu ya masufuria waliwafokea, "Mwalimu anakuya! Maliza!"

Kati yao alikuwapo msichana mmoja niliyemtoa darasani mara nyingi kwa domo lake. Yeye na hesabu walikuwa paka na panya. Stesheni alibadilika. Kila wiki alileta majibu yenye saini ya baba yake, karani, saini ndefu yenye mikia mitatu. Ilibaki kazi moja tu ili afikishe nusu na kufaulu.

Ijumaa hiyo ya mwisho hakuja. Nilitazama saa, nikafungua daftari la pointi, nikaandika zero kwa wino. Sikumwuliza mtu yeyote yuko wapi. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo.

Treni ilikuja Jumanne asubuhi. Nilikimbia na buletini saba zilizosainiwa, sita za kufaulu na yake ya kushindwa. Aliipokea bila kuitazama, akanipa karatasi iliyokunjwa.

"Nilikuwa nangoya baba alamuke, atie saini," akasema. "Hakulamuka. Njo mama alitia kidole."

Homa ilikuwa imemwua baba yake mle ghalani, Ijumaa, saa ile ile niliyokuwa nikitazama saa yangu. Chini ya majibu manne palikuwa na alama ya kidole kilichopakwa masizi. Msichana akavutwa na wenzake kupanda behewa. Nikaiweka karatasi juu ya kiti cha baiskeli, nikasahihisha. Swali la nne, lililowashinda wenzake wote sita, yeye alikuwa amelipata. Kumi na sita juu ya ishirini. Nilipoinua kichwa treni ilikuwa inaondoka. Nikapaza sauti, "Kumi na sita! Umefaulu!" Waliokuwa kwenye mabehewa nao walipaza sauti, za kuaga. Sidhani alinisikia.

Nilirudi kwa prefe, nikamwekea karatasi mezani. Aliitazama ile alama ya kidole, akaandika buletini mpya, akapiga muhuri. Nikampa mama mmoja Mwislamu wa asili ya Maniema, aliyekuwa akipeleka samaki wakavu wa Bukama kuuza hadi Kasai. "Kawia ufike, mwalimu," akanifariji. Baada ya miezi miwili aliirudisha, ina madoa ya mafuta ya samaki; hakumpata. Nikampa tena. Safari ya tatu alimwachia mtu aliyesema anaijua familia. Sikupata habari nyingine.

"Sasa papa, weka mwanafunzi wa kujaribu," kijana wa programu akaniambia.

Nikaandika jina la yule msichana. Nikaweka maswali yale manne, maana nayakumbuka yote, na pointi zake kumi na sita. Saa kumi na moja ilikuwa imepita; mashine ilizipokea pointi kwa sababu ziliwekwa na mwalimu, ila ikaandika pembeni, kwa rangi nyekundu, kwamba amechelewa.

"Toa hilo neno."

"Papa, iko majaribio tu."

"Toa. Miye sitoki hapa."

Tulihangaika mpaka wenzangu wote wakaenda kwao. Mwishowe aligundua kwamba neno lile halifutiki. Ni lazima usogeze muda wa mwisho. Akanyoosha kidole abonyeze. Nikamzuia, nikamwambia zero niliandika mimi. Nikabonyeza, neno likatoka.