Baba Mdogo wa Jukwaani

Hamphrey Kinunda ana shamba lake la kahawa Mpepai, huko milimani, ana mke mpole aitwaye Aurelia, na ana sura ambayo Mungu, alipoiumba, nadhani aliitengea kazi maalumu: nyusi nene, jicho kali, sauti ya kutoka tumboni. Alipokuwa kijana wa kwaya parokiani Mapera, katekista Joakim alimpa nafasi ya Herode kwenye igizo la Noeli. Watoto wa mstari wa mbele walikimbilia kwa mama zao. Tangu siku hiyo hakupewa tena kucheza mtu mwema.

Baadaye Joakim aliunda kikundi cha sanaa, na shirika moja dogo la kulea yatima likakituma vijijini, kuanzia milimani hadi kando ya ziwa. Igizo lilikuwa moja tu, na mwovu wake mmoja: baba mdogo anayeapa makaburini kumlea mtoto wa kaka yake, kisha anauza mibuni ya marehemu na kumfukuza mtoto. Hamphrey alimcheza kwa miaka zaidi ya kumi, kwa nauli na sahani ya ugali. Kazi ilizaa matunda. Kila baada ya onesho mtu angemvuta Joakim pembeni na kumnong'oneza kwamba kwa jirani nako kuna mtoto wa hali hiyo hiyo. Yatima walipata sare za shule, wengine wakarudishiwa mashamba. Hamphrey alipata matusi. Kule Liparamba mama mmoja alikataa kumuuzia ndizi.

Yeye alicheka tu. Kiapo cha makaburini alikitunga mwenyewe, kwa kufikiria angesema nini kama ndiye aliyefiwa: "Mtoto huyu ni damu yangu. Nikila, naye atakula. Nikilala na njaa, yeye atakuwa ameshiba." Watu walilia. Hakujua kwamba anajipalia makaa.

Maana kaka yake Edmund alifariki kweli, akaacha binti mmoja, Glorious, ambaye mama yake alishatangulia. Hamphrey na Aurelia hawakujaliwa mtoto, na likizo zote Glorious alishinda kwao. Kumlea ndilo jambo pekee walilolitaka sasa.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukaketi. Bibi mzaa mama, Rosina, alikuwa amepanda kutoka Lituhi, kule ziwani. Mzee Pankras, mkubwa wa ukoo, akamwambia Hamphrey aseme lililo moyoni. Hamphrey akasimama, na maneno yaliyokuja ni yaleyale ya igizo. Mengine angeyatoa wapi? Yaliyokuwa moyoni alishayatoa yote jukwaani.

"Mtoto huyu ni damu yangu," akasema. "Nikila, naye atakula."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Bibi Rosina hakucheka.

"Baba, hayo uliyasema Lituhi uwanjani, na machozi ulitoa vilevile. Nikaona ulivyomfanya yule mtoto baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako. Mjukuu wangu naondoka naye."

"Mama, ule ulikuwa mchezo."

"Na huu?"

Mzee Pankras, ambaye naye alishaliona igizo, akatazama chini. Ujinga mtupu, ukiniuliza mimi, lakini kikao kikaisha hivyo. Glorious akateremka ziwani na bibi yake, na Hamphrey akamwendea Joakim kumwambia nafasi ya mwovu ampe Jastin, mwenzao wa kikundini.

"Jastin akiwa mwovu watu wanacheka," Joakim akajibu. "Nani atakuja kuninong'oneza?"

Hamphrey akabaki, shingo upande.

Mwaka uliofuata zamu ya Lituhi ikafika. Uwanja wa shule ulijaa, na mbele kabisa waliketi Bibi Rosina na Glorious. Hamphrey alitaka kusingizia homa. Kisha akawatazama watoto wengine waliokaa mstari ule, ambao hakujua kwao wanalala vipi, akaingia kucheza. Alicheza kwa ukali kuliko siku zote. Wazee walisonya, watoto wakajificha nyuma ya mama zao, na mtoto mmoja akacheka. Glorious alicheka hadi akashika tumbo, hasa baba yake mdogo alipotoa macho na kunguruma.

Huko ziwani mchezaji akiwakuna watu hutunzwa papo hapo kwa pesa au nguo, ila mwovu hatunzwi na mtu. Bibi Rosina akavua kitenge mabegani, akampa mjukuu. Mtoto akaingia uwanjani katikati ya onesho, akakifunga kiunoni mwa baba yake mdogo. Watu wakaguna.

Onesho lilipokwisha, bibi alimfuata nyuma ya madarasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto wote pale walikuogopa, mwanangu. Wangu alikuwa anacheka. Mtoto hamcheki mtu anayemtesa." Akakiweka sawa kile kitenge kiunoni mwake. "Shule zikifungwa, njoo umchukue. Akae kwenu. Mimi nitakuwa napanda kumwona."

Hamphrey alitaka kumjibu vizuri. Akalia ovyo, kamasi zikimtoka, kilio ambacho Joakim asingekikubali hata kwenye mazoezi.