Nilimpa Mbwa Aspirini, Jirani Akaitwa Mlisha Sumu

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Mimi ni mjane wa miaka sitini na saba, mkulima wa korosho huku Lindi. Anayeniandikia ni mkwe wangu, na yeye mwenyewe ndiyo kwanza anayasikia haya.

Wakati wa vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano. Tulitolewa kwenye shamba letu la zamani, nyumba zikapangwa mstari, ukipiga chafya jirani anakuombea dua. Mama alishafariki. Tulibaki baba, kaka yangu mkubwa na mimi, pamoja na mbwa wa baba aliyeitwa Mwacheni. Ndani haingii, lakini bila yeye nguruwe pori wangetumalizia mihogo yote.

Jirani yetu alikuwa Bi Somoe, mwanamke aliyeachika, ana watoto watatu wadogo. Mwacheni akamlia kuku wawili. Bi Somoe akaja uani amepandisha hasira: "Shikamoo mzee. Huyu mbwa wako, ipo siku utamkuta kafa!" Watu wengi walimsikia.

Wiki mbili hazijapita, nguruwe akamchana Mwacheni paja. Akawa hainuki, analia kama mtoto. Baba alikuwa na vidonge vya aspirini alivyopewa zahanati kwa ajili ya mgongo. Alipokwenda shamba nikachukua viwili, nikasaga, nikamnywesha na maji. Jioni akasimama! Jamani, nilifurahi, nikajiona mganga. Kesho yake nikampa viwili asubuhi na viwili jioni, na chakula chenyewe hali. Siku ya tatu akaanza kutapika. Nikadhani maumivu yamezidi, nikaongeza dawa. Kinyesi kikawa cheusi kama lami. Siku ya tano nikamkuta nyuma ya banda, kakauka.

Baba alitoa machozi. "Somoe kamlisha sumu," akasema, na shauri likafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Bi Somoe akaapa kwa Msahafu mbele ya watu. Hawakumwamini. Wanawake wakaacha kwenda naye kisimani, na kwenye shughuli chakula alichogusa yeye hakiliwi.

Siku chache baadaye akapita bwana mifugo. Nikamuuliza kana kwamba naulizia mbwa wa mtu mwingine. Akaniambia, "Binti, dawa ya maumivu ya mtu haipewi mbwa kwa kukisia. Sisi tunampima uzito, tunampa kipimo chake, akiwa amekula, na kwa siku tulizopanga sisi. Akitapika, akikataa kula au akinya cheusi, dawa inasimama hapo hapo na unatuita. Huyo tumbo lilikuwa linavuja damu."

Bi Somoe alikuwa bado yupo, nyumba ya pili tu. Ningeweza kusema siku ile ile. Nilimwogopa baba, nikanyamaza. Mwezi haukuisha, akabeba wanawe na mikeka yake akahamia Kiswere. Alipopita kwetu nikamwamkia. Akaitikia, "Marahaba mwanangu, ubaki salama." Aliniitikia hivyo mimi, niliyemponza.

Baba alikufa akiamini ni sumu. Nami niliolewa, nikazaa, nikajiambia yamekwisha.

Sasa mjukuu wangu amepata mchumba Kiswere. Kumbe binti ni mjukuu wa Bi Somoe! Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, aliposikia akasimama: "Kwa watu wa sumu hatuoi. Labda mnizike kwanza." Kijana hali, hasemi na mtu. Na Bi Somoe yu hai, macho hayaoni tena. Amemtuma binti aje na ujumbe: "Mwambieni bibi yake kijana, yule mbwa sikumuua mimi. Wallahi sikumuua."

Miaka yote hiyo, bado anajitetea! Na anajitetea kwangu.

Tangu siku hiyo sala zangu hazina utulivu. Nikimwambia kaka, najua atanitenga, na wanangu watajua mama yao ni mtu wa namna gani. Nikinyamaza, namuua yule mama mara ya pili na mjukuu wangu juu. Ndugu zangu mnaosoma, nisaidieni mawazo. Nianzie kwa kaka, au nipande gari niende Kiswere? Na nikishakaa mbele yake, neno la kwanza niseme nini?