Hesabu Mpaka Kumi

Mkufunzi wa walimu hutembelea shule za binafsi za karo nafuu, zile za mabati uchochoroni, na kitini hakai. Huzunguka madawati, hunyoosha ramani isiyopinda, kalamu ikigonga paja. "Ukiuliza swali, mwalimu wangu, funga mdomo. Hesabu mpaka kumi. Mtoto anafikiri."

Leo aliamua kuonyesha mwenyewe. "Saba mara nane?" Akamchagua binti wa dawati la nyuma, ambaye alikuwa hajajibu chochote tangu muhula uanze. Binti akasimama. Hesabu ikafika nne, tano, kiatu cha mkufunzi kikaanza kucheza. Saba. Mkufunzi akauma kalamu. Tisa, na midomo ya binti ikafunguka.

"Hamsini na sita!" mkufunzi akaropoka.

Binti akaketi. Mwalimu wa darasa, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, akasema taratibu, "Ilibaki moja, mama."