Kitambaa cha Kufutia Kioo cha Jua

Mlinzi wa mnara wa kupimia upepo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kijicho kilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Mwaka mzima alipanda kilimani kutazama vikombe vikizunguka juu ya nguzo, akiandika daftarini jinsi upepo ulivyovuma. Bondeni, shemeji yake, kaka wa mkewe, alitunza kioo kidogo cha kupimia jua. Kazi yake kukifuta vumbi kila asubuhi, basi. Lakini wageni wakija, hupiga picha na shemeji. Nyumbani nako mkewe: kaka hivi, kaka vile.

Waliambiwa mitambo ya umeme itajengwa mahali vipimo vitakapokuwa vizuri zaidi, kilimani au bondeni, na mlinzi wa hapo ndiye atakayeajiriwa moja kwa moja.

Ikatokea mke wa shemeji kajifungua kwao, mbali. Shemeji akaaga wiki moja.

"Nifutie kioo tu, shemeji. Kitambaa hicho, maji safi, halafu uandike daftarini saa uliyofuta."

Saa aliandika, kila asubuhi bila kukosa. Kitambaa kikabaki kikavu msumarini. Alilitazama vumbi likikaa juu ya kioo kama mkulima anavyotazama shamba lake likiota.

Shemeji alipokwisha kurudi, mhandisi wa mitambo, mama wa makamo, alikuja na karatasi yenye mistari ya vipimo. Akawaeleza taratibu kwamba jua lilishuka siku saba kidogo kidogo, kama ngazi, kisha likaruka juu siku shemeji aliporudi. Jua la Mungu halishuki hivyo. Na kama mwandiko huu umedanganya bondeni, madaftari ya kilimani atayaaminije?

Shemeji akadakia.

"Kosa langu, mama. Nilimwachia kitambaa kichafu."

Mama yule akamtazama shemeji kwa upole, na mlinzi akauona upole wenyewe. Kumbe hata kwa wema anataka kumpita! Mkewe atayasikia haya, na sifa za kaka zitaimbwa mpaka kaburini. Hilo lilimshinda.

"Kitambaa kilikuwa safi," akasema. "Mimi sikufuta."

Mhandisi akafunga madaftari. Upepo ungepimwa upya, mwaka mwingine, na mtu mwingine.

Njiani shemeji alimshika bega, akamwambia amefanya jambo la kiume. Mlinzi akauma meno. Sifa yenyewe moja, na bado kapewa na huyuhuyu.