Kahawa Aliyoitema Mgeni Wetu

Wiki iliyopita, nikisubiri gari stendi ya Bukoba, fundi simu mmoja alikuwa amewasha kichekesho cha zamani cha televisheni. Nilimtambua mara moja yule mwenyekiti mwenye kitambi, akizindua bomba lisilo na maji. Abiria walicheka. Mimi nilimkumbuka bibi.

Wewe uliyekulia Muleba unajua tulivyotazama: Jumapili mchana baada ya ibada, kwa jirani, televisheni ikitumia betri ya gari, harufu ya ndizi na maharage ikitoka jikoni. Kila alipodanganya, mwenyekiti yule alishika kifua. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona mkono ule.

"Kashika kifua! Na nyie shikeni mifuko yenu!" alisema, nyumba nzima ikaangua kicheko.

Mwaka wa uchaguzi, mgombea alikuja kumwomba bibi sehemu ya kibanja, shamba lake la migomba na kahawa, ijengwe zahanati. Bibi alitandaza nyasi mpya sebuleni, akamletea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa kavu tunazotafuna na wageni. Mgombea akatia mbili mdomoni, akashika kifua.

"Mama, kabla ya kuvuna kahawa tena, utatibiwa hapahapa."

Nilingoja bibi acheke. Hakucheka.

Nilimsindikiza mgeni hadi kwenye gari. Alizitema zile kahawa nyuma ya tairi. Niliporudi, jirani alikuwa akimwambia bibi, "Mama, huyu si yuleyule wetu wa Jumapili?"

"Yule ni wa kwenye kioo," bibi alijibu, tayari anatafuta panga. "Huyu ametafuna kahawa yangu. Hawezi kunidanganya."

Nikamletea panga bila kumwambia ya nyuma ya tairi. Kesho yake iliangushwa migomba iliyopandwa na mama mkwe wake. Likawekwa jiwe la msingi, tukapiga makofi. Hakuna kingine kilichowahi kujengwa pale.

Miaka baadaye, tukimbeba bibi kwa machela kwenda barabarani kutafuta gari la kumfikisha hospitali ya Rubya, tulipita kando ya jiwe lile.

"Hivi," aliniuliza, "ile kahawa aliimeza?"

"Aliimeza, bibi."

Hakurudi nyumbani akiwa hai. Jirani naye hayupo, televisheni yake iliuzwa, na palipokuwa na migomba kuna magugu. Ninachokumbuka zaidi ni mkono wangu. Nilipomjibu, ulikuwa kifuani. Bibi aliutazama, kisha akageuza uso.